Mtihani wa Mama Celina

Kaka yangu Rugambwa akishaamua jambo, hata umpigie magoti habadiliki. Mama yetu, Celina, alipopotea mara ya pili akitoka sokoni, kaka akasema basi, anamhamishia kwake Muleba. Mama akalia. Kwenye kibanja chetu cha migomba, Kibeta, ndiko alikoolewa, na humo humo amemzika baba. Mimi ninayeishi naye nikaja juu. Tukakubaliana afanye mazoezi ya kutafuta njia kwanza, kisha aende kanisani na kurudi peke yake. Akishindwa, Muleba.

Daktari alisema kumbukumbu yake imeanza kupungua kidogo tu. Hospitalini Bukoba wakamvisha miwani mikubwa ya kompyuta inayofunika uso. Humo unaona barabara, maduka na watu, unatembea huku umekaa kitini, unatafuta njia ya nyumbani. Mama akawa anasimama kumsalimu kila mtu, muda unakwisha.

"Bibi, hao si watu," alisema muuguzi, Nuriat.

"Waitu, jamani, kama si watu, mmewavalisha nguo za nini? Na mbona hawaitikii?"

Nilicheka mpaka machozi, ila moyoni niliogopa. Hata hivyo, taratibu akazoea kusimama njia panda, kutafuta alama, na kutamka kwa sauti anakoelekea.

Jumapili ya mtihani, misa ikaisha, majirani wengi wakarudi, mama hayupo. Rugambwa, aliyefika na gari kutoka Muleba, alisimama mlangoni akichezea funguo.

"Si nilisema?"

Nilitamani kumzaba kibao. Badala yake nikavaa viatu.

Tulikuwa tunatoka kumtafuta mama alipoingia, ametulia kabisa.

"Ulipotelea wapi?" kaka akafoka.

"Nipotee mimi? Nilikuwa msibani kwa Mwalimu Kaijage. Nimesikia kanisani kwamba amefariki. Ningepitaje bila kuingia? Pale njia panda nilisimama, nikasema: mashine ya kusaga kushoto, dukani kwa Rutashobya kulia. Nikafika." Akamtazama. "Wewe umepita hapo barabarani. Huyo ndiye aliyekufundisha kusoma, mwanangu. Hukuona watu wanavyoingia?"

Sijawahi kumwona kaka yangu akiona aibu hivyo, na nilimhurumia. Akaziweka funguo mfukoni.

"Nimeona watu, sikuuliza," alisema. "Na nyumba yake siikumbuki tena, mama. Nipeleke."

Mama hakukaa hata kunywa maji. Akajifunga khanga upya, akatangulia migombani.

"Kaa nyuma yangu," alimwambia. "Njia ya huko ina kona nyingi."