Mama Ambaye Hajaamua

Uvumi haukumtoka mama kichwani: eti kura ya maoni inaonyesha ambao hawajaamua wameongezeka ghafla, na wote wamehongwa. Naye alikuwa mmoja wao, wala hakupewa hata sindano.

Siku maoni hayo yalipokusanywa, kompyuta ilichagua namba yake, mpigaji akawa binti yake aliye mbali, aliyeajiriwa kuuliza maswali hayo.

"Mama, kati ya wagombea urais wawili, utamchagua nani?"

Jirani alishamwambia kwamba ambaye hajaamua huulizwa maswali mengi zaidi.

"Sijaamua, mwanangu. Endelea kuuliza."

"Mama nawe! Picha ya mgombea wako si iko ukutani?"

"Hiyo inaziba ufa tu."

Binti alicheka. Maswali yakaisha, simu ikakatika, hamu ya kuongea naye ikabaki palepale.

Siku hizi huwaonya akina mama wenzake: msidanganye wanaokusanya maoni. Msieneze uvumi. Msingoje mtoto apige kikazi. Msione haya kumwambia mmemkumbuka.