Wa Kumwitikia Khelef

Himid alikuwa akiita jina la kaka yake mara thelathini au arubaini kwa siku. Dada yake Jokha, mwalimu wa skuli, aliwahi kuhesabu kwa wiki mbili, na hesabu ile haikumwambia kitu. Jina lilitoka asubuhi na mchana, kwa furaha na kwa hasira, chai ikinywewa na nguo zikianikwa. "Khelef!" Kisha shingo ilimkatika kuliani mara mbili, jicho likafumba kwa nguvu, na Himid akaendelea na kilichokuwa mkononi mwake kama mtu aliyepiga chafya.

Ingekuwa chafya pasingekuwa na neno. Lakini Khelef alitoka nyumbani asubuhi moja ya Januari 1964, wiki ya Mapinduzi, kwenda kumtazama mjomba wao Bumbwini, na hakurudi. Sasa ulikuwa mwaka 1971. Katika miaka yote hiyo Jokha hakumuuliza mtu, wala hakuna mtu aliyemwambia. Alikuwa na kaka, halafu hakuwa naye. Yeye na mama yao, mama alipokuwa hai, walikubaliana kwamba jina lile lisitajwe ndani ya nyumba wala nje. Himid alikuwepo wakati wanakubaliana. Mwezi haukwisha, jina likaanza kumtoka.

Kabla ya hapo zilikuwa sauti tupu. Tangu ana miaka saba alikuwa akipepesa macho, akikohoa kikohozi kisicho na makohozi, akitupa shingo. Mama alimpeleka kwa mganga Makunduchi. Mganga akafukiza ubani, akamtaka pepo ajitaje, na Himid, mtoto wa miaka tisa, akamwambia, "Mwongo!" mara nne mfululizo. Mganga alisema pepo huyu ni mkaidi. Mama alisema njiani wakirudi kwamba pengine ni mkweli.

Baadaye sana, hospitali, daktari mmoja mgeni alimtazama Himid kwa nusu saa na kusema kwa kinywa cha mkalimani kwamba hiki si kifafa wala si wazimu, na dawa yake hapa hakuna. Aliandika jina la ugonjwa kwenye kipande cha karatasi: Tourette. Ni jina la tabibu wa Kifaransa, alieleza, aliyeandika habari za wagonjwa wa namna hii zamani. Akaongeza jambo moja ambalo Jokha aliliamini kwa sababu alikuwa ameshaliona kwa macho yake: kwa baadhi yao, neno linalokatazwa ndilo linalotoka.

Walikuwa wakikaa Miembeni, vyumba viwili katika nyumba ya Bi Kidawa, mjane aliyekaanga maandazi mlangoni pake. Wiki ya kwanza walipohamia, Himid aliita njiani, na wanaume watatu waliokuwa wakipita wakageuka, maana yule aliyeitwa walimjua, na walijua kwamba hayupo. Bi Kidawa hakuinua macho kwenye karai. Aliitika tu: "Naam!" Wanaume wakamtazama, wakaenda zao. Mtu kaita, mtu kaitika, hapana cha kuwasimamisha.

Tangu siku ile ikawa desturi. Hakuna aliyeitisha kikao wala aliyemwagiza mwenzake. Aliyekuwa karibu ndiye aliyeitika: Bi Kidawa kwenye maandazi yake, au Makungu fundi cherehani kwenye baraza ya pili, au Tabia, mkewe Makungu, dirishani. Makungu ndiye aliyemchukua Himid barazani kwake amtilie vifungo na kupinda mikono ya mashati, kwa kuwa sindano ikiwa mkononi, shingo ilitulia hata saa nzima. Waliitika kama watu wanavyojibu salamu, hata katikati ya ugomvi. Siku moja Tabia alikuwa akimfokea mumewe.

"Unga umekwisha tangu jana, nimekwambia, nawe huna... naam!... huna habari, umekaa na uzi wako!"

Jokha aliyasikia hayo kutoka chumbani. Alijua kwamba zamani angecheka.

Mwaka ule mchele na sukari vilianza kugaiwa kwa kadi, na karani wa tawi la chama akapita nyumba kwa nyumba kuandika watu. Kwa Bi Kidawa alifika Jumanne saa nne, Jokha yuko skuli. Himid alitaja jina lake na jina la dada yake. Kisha shingo ikakatika.

"Khelef!"

"Naam!" akaitika Makungu kutoka barazani, pini mdomoni.

Karani alikuwa anafunga daftari. Akalifungua tena. "Khelef naye wa nyumba hii?"

Kwa miaka sita Bi Kidawa alikuwa na njia moja tu ya kulijibu jina lile mbele ya mgeni, kana kwamba mwenyewe yupo. "Kaka yao huyo," alisema.

"Basi watatu."

"Watatu."

Adhuhuri Jokha alipoambiwa, alikaa kitandani bila ya kuvua viatu. Bi Kidawa alisimama mlangoni, unga umemjaa mikononi.

"Mwanangu, nimekutia matatani. Nimefanya kama siku zote."

"Hukusema uongo, Bi Kidawa. Kaka yetu kweli."

"Lakini kadi kila mtu mzima anakwenda kuichukua mwenyewe. Jumamosi. Na jina lisilo na mtu wanalihesabu wizi wa chakula."

Makungu alikuja na shauri lake jioni. "Nitakwenda mimi. Nshamwitikia miaka sita, siku moja zaidi kuna nini?"

"Ushaandikwa kwa jina lako, Fundi," alisema Jokha. "Na katibu wa tawi suruali zake unazishona wewe."

"Atavaa baibui langu," alisema Tabia, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa na hakuweza kusimama bila ya kushika ukuta. "Linamtosha. Mimi sina haja nalo, halinienei."

Walicheka wote isipokuwa Jokha. Yeye alikuwa anapanga. Mtu mwengine hawezi kwenda. Asipokwenda mtu, wataulizwa yuko wapi. Kwa hiyo swali litakuja kwa vyovyote, na bora limkute amesimama.

Jumamosi alikwenda peke yake. Katibu wa tawi, Borafya, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alisoma majina mwenyewe.

"Himid?"

"Yupo nyumbani, mgonjwa. Nna barua yake."

"Jokha?"

"Mimi."

"Khelef?"

"Amekufa."

Neno hilo hakuwahi kulisema. Alisubiri kuona litafanya nini. Halikufanya kitu. Nje mtu alikuwa akipakua magunia, na pakiti la sukari lililopasuka lilikuwa limeingia sisimizi.

"Lini?" aliuliza Borafya.

"Januari, sitini na nne."

Borafya aliweka kalamu. "Wapi?"

"Sijui."

"Na huyo aliyeitika Jumanne?"

Jokha alimweleza. Alieleza kwa mpangilio, kama somo, tangu miaka saba ya Himid hadi kwenye pini za Makungu, kisha akatoa karatasi ya daktari. Borafya aliisoma, akaigeuza, nyuma hapana kitu.

"Hii inasemaje?"

"Jina la ugonjwa."

"Jina tu?"

"Jina tu."

Alimrudishia kwa adabu. "Sikiliza, Mwalimu. Mtu akimwita aliyepo, hayo ya mtaa wenu, mimi hayanihusu. Akimwita maiti njiani, tena maiti wa mwaka ule, watu wananiuliza mimi. Nikisikia tena nitakuja kumchukua, akakae na wagonjwa wa akili." Akachukua rula, akalikata jina la Khelef kwa mstari mmoja ulionyooka.

Mtaa ulikuwa na habari kabla Jokha hajafika. Bi Kidawa alimpokea mkoba.

"Ushasema kafa," alisema. "Basi tumsomee."

Hakuwahi kusomewa. Asiyejulikana kuwa kafa hasomewi hitima, na kwa miaka saba hapakuwa na aliyekuwa tayari kujua. Walimsomea Jumapili alasiri, wanaume barazani, wanawake ndani. Kila nyumba ilileta sukari kidogo kutoka katika mgao wake, kikombe nusu, au robo, kwa kahawa na halua. Himid alisoma juzuu yake nzima bila ya kutikisika. Dua ikaisha. Sahani zikapita. Ndipo shingo ikakatika.

"Khelef!"

Makungu alifungua mdomo, akaufumba. Ndani Bi Kidawa alijiziba mdomo kwa kanga. Hapana mtu anayeweza kumwitikia aliyetoka kusomewa hitima, hata kwa wema. Himid alitazama huku na huku. Akaita tena, kisha akangoja. Jokha aliliona hilo kutoka penye mlango na akalitia akilini, kwa sababu lilikuwa jipya: Himid hakuwahi kungoja.

Baada ya siku ile alimfungia. Asubuhi alitia kufuli mlangoni, akaenda skuli, kama alivyofunga kabati la chaki. Himid aliuma kitambaa. Akilizuia jina saa nzima, saa ya pili lilikuja kwa mkururo, na shingo ilimvimba upande mmoja.

"Dada, sikusudii."

"Najua."

"Nikilizuia linakuja matatu."

"Najua, Himid."

"Basi wanipeleke tu."

Jokha alikuwa anachagua mchele. Alitoa vijiwe viwili, akaviweka ukingoni mwa ungo, akatafuta cha tatu.

Ijumaa Borafya alipita mtaani. Sauti ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa, mara mbili. Alisimama, akalitazama kufuli, akamwambia Bi Kidawa neno moja: "Jumatatu." Bi Kidawa alikwenda nalo kwa Tabia, aliyekuwa bado kitandani. Jumatatu ya wiki ile alikuwa amejifungua mtoto mwanamume.

Jumamosi asubuhi Makungu alipiga hodi kwa Jokha. Alikuwa amevaa kanzu, na kwenye ukosi wa kanzu zilikuwepo pini mbili alizozisahau.

"Mtoto kesho siku ya saba," alisema. "Tunampa jina."

"Mashaallah. Mnampa jina gani?"

"Ndiyo nimekuja kuomba." Alichomoa pini moja, akairudisha palepale. "Jina la kaka yako."

Jokha alilifikiri. Babu zake Makungu walitoka bara, Unyamwezi. Jina lile la Kiarabu halikuwa la watu wao, na kwa mwaka ule halikuwa jina la kumpa mtoto mtu asiyelazimika. Mtoto atakwenda nalo skuli, na kokote kutakakosomwa majina.

"Ukooni mwenu halimo jina hilo, Fundi."

"Sasa litakuwemo."

"Litakuleteeni maneno."

"Yashakuja. Mama yangu anasema bora ningemwita Jumatatu, siku aliyozaliwa, tukajua moja."

"Na Tabia anasemaje?"

"Tabia ndiye aliyenituma. Anasema yeye kaitika miaka sita bure, sasa angalau aitike kwa haki yake."

Jokha alitafuta ndani yake kitu cha kumpa mtu huyu, na hakukiona. Alichokiona ni jambo lenyewe tu, kwamba mtoto wa Makungu ataitwa Khelef. "Mpeni," alisema. Kisha, kwa kuwa aliona haitoshi, akamkaribisha chai, na Makungu akainywa yote ingawa haikuwa na sukari.

Jumapili mtoto akanyolewa, akapewa jina. Jumatatu Jokha aliomba ruhusa skuli na hakutia kufuli. Himid alikaa barazani kwa Makungu, shati mapajani, sindano mkononi. Saa tatu Borafya alitokea na wanaume wawili. Alisimama mbele ya baraza, akangoja.

Sindano ilikwenda, ikarudi. Kifungo cha kwanza kikaisha, na cha pili. Himid aliukata uzi kwa meno, na kabla hajatia mwengine shingo ikamruka.

"Khelef!"

"Kalala!" Sauti ya Tabia ilitoka dirishani kama ndoo ya maji. "Kalala, nawe usiniamshie, ndiyo kwanza kafumba macho! Usiku kucha kanikesheza!"

Wale wawili walimtazama Borafya. Borafya alimtazama Makungu.

"Nani huyo?"

"Mwanangu," alisema Makungu, naye akakanyaga cherehani. "Leo ana siku nane. Kadi yake unayo, au nije tawini?"

"Anaitwa nani?"

"Si umesikia, Katibu."

Borafya alisogea hadi kwenye cherehani. Aliuliza jina mara ya pili, na safari hii Makungu akalitaja, pamoja na jina la baba, kwa utaratibu, kama mtu anayeandikisha mali. Borafya alitoa daftari kwapani, akatafuta ukurasa wa nyumba ya fundi, akaandika. Wino ulipokauka akalifunga.

"Aliyepo ni wa mtaa," aliwaambia wale wawili, nao wakamfuata.

Mchana Himid aliita tena, na safari hii mtoto aliamka akalia. Tabia alimtukana Himid kwa kirefu, yeye na mikono ya mashati yake. Jokha aliyasikia yote kutoka chumbani, mwito, kilio na matusi. Akamaliza kuchagua mchele wa watu wawili, akautia majini.