Miji Niliyoitoa Kabla ya Jumatatu

Nalala kwenye kochi mchana wa Jumamosi, viatu bado miguuni, maana nimetoka kupima viwanja juani tangu asubuhi, na jikoni binti yangu Nakundwa anaosha vyombo huku baba yake akivifuta, na wanaimba. Wanaimba zile so, mi, do za kwaya kama kila siku, kwa kuwa Eliamani mume wangu ndiye mwalimu wa kwaya kanisani na mdomo wake haujui kutulia. Nawaambia wapunguze kelele. Wanapunguza. Jumatatu Nakundwa anawatajia walimu masomo yake ya kidato cha tatu, na shuleni kwao vipindi vya fizikia na muziki vinagongana, anayechukua hiki anaacha kile, lakini hilo halinikoseshi usingizi, sisi tulishamaliza, ni fizikia. Nafumba macho, na ile so ya mwisho inarefuka, inarefuka mpaka inakuwa barabara, na mimi niko juu yake.

Mimi ni mpima ardhi, nina diploma, barabara isiyo na mwisho haipo. Kila barabara inaanzia mahali na kuishia mahali. Hii haitaki. Nikitembea inasogea, nikisimama inasogea, inapinda na kunirudisha nilipokuwa, na nilipokuwa si pale tena. Mbele yangu anasimama mtu mwenye koti la njano kama la vibarua wetu wa kazini, na chini ya kofia yake hakuna uso, ni laini tu kama sahani iliyooshwa. Namuuliza, kaka, hii inakwenda wapi? Kitendawili, anasema. Sina muda wa vitendawili, namwambia. Kitendawili, anarudia, na lami inaanza kutetemeka chini ya miguu yangu, basi nasema tega, yaishe. Nyumbani kwangu tuko watatu, anasema, wawili wanaongea kutwa, wa tatu anasikia kila sauti na haelewi hata neno. Nasema ni redio. Redio haisikii, mama. Nasema ni mgeni. Mgeni angeshaondoka, mama, nipe mji. Ndivyo tulivyocheza utotoni, ukishindwa kutegua unatoa mji, mwenzako anauchukua, na hakuna aliyewahi kuumia. Nampa Tanga. Sina mtu Tanga.

Na papo hapo tuko Tanga, lakini Tanga iliyogeuzwa kama kwenye kioo, maandishi ya madukani yanasomeka kinyume, baiskeli zinapita upande usio wao, na kila nyumba ina dirisha la jikoni, na kila jiko ni jiko langu, masufuria yangu, pazia langu lililoungua pembeni. Ndani ya kila dirisha Nakundwa anaosha na Eliamani anafuta. Wanaimba so, so, mi, na hapa, sijui kwa nini, naielewa kama Kiswahili: mama amekuja. Ni kale kawimbo ninakokasikia kila jioni nikifungua geti. Nasogea dirisha la pili, Eliamani anaimba la, so, fa, re, na maana yake ni usimwambie mpaka Jumatatu. Dirisha la tatu Nakundwa anajibu, akicheka, na maana yake ni akiuliza nitasema fizikia. Nasimama pale na mkono ukutani. Namuuliza yule mtu wa koti la njano, asiambiwe nani? Hilo ndilo ninalokuuliza wewe, anasema. Nasema ni jirani. Nipe mji.

Nampa Morogoro, na naijutia kabla sijafunga mdomo, kwa sababu Morogoro ndiko nilikosomea, ndiko nilikokesha na hesabu za pembe na umbali. Milima inahamia upande mwingine na chuo kinafunguka mbele yangu, darasa langu lile lile, ila kwenye madawati pana vinanda, na kwenye kila kinanda ameketi Nakundwa. Wote wanasimama. Shikamoo mama. Marahaba, nasema, maana hata ndotoni adabu ni adabu, unafanya nini hapa? Nasoma. Unasoma nini? Muziki, anasema, bila kuangalia chini. Tulikubaliana fizikia, Nakundwa. Mlikubaliana wewe na nani, mama? Na wewe, mezani, kila siku. Mezani wewe uliongea, mimi nilikula. Namuuliza, na huo muziki utakupa ugali? Eliamani anatokea nyuma ya mlango na kitambaa cha vyombo begani. Mama Nakundwa, punguza sauti, watu wako mazoezini. Usiniambie nipunguze sauti, Eliamani, tangu lini mnafanya haya? Tangu darasa la sita. Mbele yangu? Mbele yako kabisa, ukikata vitunguu, kila jioni nampa somo na wewe unasema tumezidi kelele. Ungeniambia! Ungekubali? Nageukia vinanda. Unaona, anasema. Hapana, Eliamani, sioni, ningekataa, tungegombana, ungelala umenuna, lakini ningekuwa nimo. Ningekataa nikiwa nimo! Nakundwa wote wananitazama kwa huruma, na huruma yao ndiyo inayonichoma kuliko yote, ni ile ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa aliyefichwa ugonjwa wake.

Jibu, mama, anasema yule asiye na uso. Na mimi jibu ninalo, nimekuwa nalo tangu Tanga, liko hapa kooni, lakini kulisema ni kulikubali, kwa hiyo natoa miji. Natoa Iringa. Natoa Dodoma na bunge lake. Natoa Mbeya, Tabora, Bukoba, naitupa kama mtu anayetupa maganda, na kila ninaoutoa unageuka, unawasha taa za jikoni, unaimba. Barabara zinapita mote humo na hakuna inayonipeleka pembeni. Sina mji tena, namwambia. Ipo Same, anasema. Same ni kwangu! Basi nijibu. Naiona nyumba yetu kwa mbali, kiwanja nilichokipima mwenyewe, nikapigilia mwenyewe vigingi vya mipaka, na wawili ndani wanaongea. Nasema ni mimi. Wa tatu ni mimi, umeridhika? Umepata, mama, anasema, chukua miji yako. Na inarudi yote, Bukoba, Tabora, Morogoro, Tanga, maandishi yanasomeka sawa, baiskeli ziko upande wao, na madirishani hamna mtu. Vyombo vimekauka. Naita Nakundwa, sauti inakwenda mji hadi mji, na ninayorudishiwa ni yangu.

Mama, amka. Nakundwa ameinama juu yangu, mikono ina povu. Umelala kweli leo, anasema, ulikuwa unataja miji kama kondakta wa basi. Nakaa. Namshika kiganja kabla hajaondoka. Jumatatu unachagua nini? Fizikia, mama. Amesema haraka, vizuri, kama nilivyomfundisha. Si muziki? Muziki gani tena, mama? Anacheka. Eliamani anachungulia kutoka jikoni, nani kataja muziki, na wanatazamana, kidogo tu, au labda ni mimi bado nina usingizi. Nazitafuta sura zao, zipo kamili, macho, pua, tabasamu, na sisomi chochote. Kule ndotoni Nakundwa aliniumiza na hakuangalia chini. Hapa ameniridhisha, na kiganja chake kinateleza mkononi mwangu, na mimi mama yake nimekaa hapa na viatu vyangu, sijui kati ya yule wa kule na huyu wa hapa niliyemzaa ni yupi.