Kiranja Aliyewajua Baba Zetu

Naandika haya nikiwa na akili timamu na kidole cha bluu. Mwezi wa Oktoba Tunisia nzima ilikuwa imepiga kura, na bweni letu la wavulana huku kusini halikutaka kuachwa nyuma. Rais alikuwa amekimbia tangu Januari. Picha yake ilishabanduliwa bwaloni, ukabaki mraba mweupe ukutani ambao baadhi yetu tuliupigia saluti kwa heshima zote. Ndipo Bwana Tijani, msimamizi wetu, akatangaza kwamba hata kiranja wa bwalo atachaguliwa. Kazi ya kiranja ni moja: kuita majina asubuhi kabla hatujagusa mkate.

Wino wa kuchovya vidole vya wapiga kura niliutengeneza mimi. Leo ni siku ya kumi na moja umegoma kutoka, na sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Mgombea wa kwanza alikuwa Iskandar, mtoto wa daktari. Wa pili nilimpendekeza mimi, kwa mzaha. Shukri alikuwa mkimya, na mweusi kuliko sote. Kwenye rejista aliandikwa Shukri Atigi Barkushi, yaani Shukri aliyeachwa huru na ukoo wa Barkushi. Aliyeachwa huru kutoka utumwani ni babu wa babu yake, lakini karatasi haikuwa imesahau. Mimi naitwa Wajdi Barkushi. Kila asubuhi jina lake liliposomwa, sisi Mabarkushi wanne tulijibu kwa pamoja, "Tumemruhusu," na bwalo likacheka. Mzaha huo niliubuni mimi, na ninaukiri kama nilivyoukiri wino.

"Umenipendekeza mimi?" Shukri akaniuliza.

"Ndiyo demokrasia, ndugu yangu. Hata wewe umo."

"Basi nimekubali," akasema, na papo hapo mzaha ukaanza kuniponyoka.

Iskandar aliahidi maji ya moto, akashangiliwa. Shukri akapanda juu ya benchi.

"Mimi nataka kusoma majina tu."

"Na lako usiliruke," mtu akamtupia kutoka nyuma.

"Sitaliruka. Nataka kuitwa kama nyinyi mnavyoitwa. Nani hapa anajua jina la baba yangu?"

Huo ulikuwa mwaka wetu wa tatu pamoja naye.

"Anaitwa Hadi. Anachimba visima. Wewe Wajdi, baba yako ni Munsif, kinyozi. Alikuletea blanketi siku ya mvua, ukamwambia asiingize baiskeli yake ndani ya geti. Iskandar, wako ni Ridha. Hupiga simu kila Alhamisi, na wewe husema huna la kumwambia."

Akaendelea meza kwa meza, baba sitini na mmoja, bila karatasi.

"Kawajuaje wote hawa?" Iskandar akaninong'oneza.

"Miaka yote hii sisi tunaongea," nikamwambia. "Yeye anasikiliza."

Alishinda kwa kura thelathini na nne dhidi ya ishirini na nane. Iskandar akampa mkono, akamsihi awakumbuke watu wa maji ya moto.

Asubuhi Bwana Tijani alimkabidhi rejista. "Soma kama ilivyoandikwa."

Shukri akaifungua, akaitazama kwa muda, kisha akaifunga na kuibana kwapani.

"Iskandar wa Ridha."

"Nipo."

"Wajdi wa Munsif."

Nilisema nipo, lakini sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyoiagiza. Asubuhi hiyo hapakuwa na Barkushi hata mmoja bwaloni. Palikuwa na watoto wa kinyozi, wa daktari, wa muuza samaki.

"Shukri wa Hadi," akasema mwishoni, akajijibu mwenyewe, "Nipo." Sisi wanne tulikuwa tumefunga midomo.

Bwana Tijani akamsogelea. "Kijana, sivyo ilivyoandikwa."

"Najua, Bwana. Ya kwenye karatasi nitayatafutia hakimu wa kuyabadilisha. Lakini tuko sitini na wawili, na wote tumeitika. Tuhesabu."

Bwana Tijani akatuhesabu. Alipita meza baada ya meza, polepole kupita kiasi, huku mikate ikipoa, na safari hii hata mimi sikulalamika. Sitini na wawili. Akachukua rejista, akaitafuta kalamu mfukoni, akatia sahihi.

"Kesho paza sauti," akamwambia Shukri. "Wa nyuma hawakumsikia Hadi."