Suruali ya Meneja na Mlango wa Mizigo

Jumba lile la maduka lilikuwa na milango miwili, na waliolichora walikosea tangu mwanzo: mlango wa fahari waliugeuzia barabara kuu, na watu wakaachiwa mlango wa mizigo.

Bibi Chaki alikuwapo kabla ya milango yote miwili. Siku alipofika na cherehani yake ya kukanyaga, pale palikuwa na uwanja wa vumbi na vibanda sita vya mbao; ukipiga chafya kwenye cha kwanza, mwenye cha sita anakuombea afya. Vibanda vikaja kuwa safu ya maduka ya matofali chini ya bati moja, mvua ikinyesha mnapatana bei kwa vidole. Halafu wakaja watu wa kofia ngumu. Wakabomoa, wakapandisha ghorofa tatu, wakatia vioo kila mahali na ngazi zinazopanda zenyewe. Miezi ya kwanza watu hawakuja kununua kitu, walikuja kupanda ngazi. Mama mmoja alivua viatu akavishika mkononi, akapandishwa hadi juu akiomba radhi kwa kila aliyekuwa nyuma yake.

Wachoraji walikuwa wametazama ramani, wakaona barabara kuu, wakasema wateja watakuja na magari. Wateja walikuja na miguu. Walitoka mitaa ya nyuma, wakaukuta mlango wa mizigo uko wazi, wakapita katikati ya makreti, na haukupita mwezi, huo ndio ukawa mlango. Bibi Chaki akaomba kona iliyo pembeni yake. Akapewa upesi, maana hakuna mwingine aliyeitaka.

Basi akakaa miaka kumi na tisa. Supamaketi ilikuja kwa ngoma, ikaondoka kimyakimya. Ghorofa ya tatu ilikuwa sinema, ikawa ukumbi wa harusi, sasa ni watu wanaokimbia juu ya mashine bila kufika popote. Siku hizi wengi hununua nguo kwa simu, na wachuuzi wenzake walidhani hapo Bibi Chaki atakwisha. Kumbe nguo za simu ndizo zilizomnenepesha, kwa sababu suruali zote zinafika zikiwa ndefu kama hotuba.

Alikuwa na kanuni moja. Hakunji upindo wa suruali ya mtu mpaka mtu huyo ametembea nayo, pini zikiwemo: atoke mlango wa nyuma, ashuke vidato vitatu, apande tena. "Suruali haivaliwi na mtu aliyesimama kama nguzo," husema. "Itembee kwanza, iniambie yenyewe."

Ndipo akaja meneja mpya. Kijana mtanashati, haraka nyingi, na marashi yaliyokuwa yakimtangulia hatua tano. Wiki yake ya pili akabandika tangazo: kuanzia Jumatatu mlango wa mizigo utafungwa, wateja wote wapite mlango mkuu; waliopanga kona ya nyuma wahame ifikapo mwisho wa mwezi, kona itakuwa stoo.

Kinyozi, ambaye kiti chake kilitazamana na cherehani, alilisoma kwa sauti mara mbili. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bibi Chaki, na tangu kaka yake afariki alijipa kazi ya kumchokoza shemeji yake ili asipoe.

"Shemeji, umesikia? Umekuwa stoo."

"Stoo ni wewe, uliyejaza nywele za watu tangu ujana wako."

"Nenda basi ukamwambie! Mdomo unao."

"Mwenye haraka haambiwi kitu," Bibi Chaki akasema, akitia uzi sindanoni. Lakini uzi ulikataa mara tatu, na kinyozi alipoona hivyo akachukua ufagio akafagia nywele. Wote wawili walijua kwamba katika umri wao hawaendi kuanza upya mahali pengine. Kona ikienda, kazi imekwenda.

Jumatatu mlango ukafungwa. Mlinzi, ambaye wote humwita Komeo, alisukuma chuma akasimama mbele yake ametunisha kifua. Saa nne ilipofika, hakuna mteja hata mmoja aliyepita pale. Kinyozi alinoa wembe wake mpaka ukaomba msamaha.

Wa kwanza kutokea alikuwa meneja mwenyewe, na suruali mpya mkononi.

"Bibi, wenye jumba wanakuja Ijumaa. Nimeinunua kwa simu, imekuja ndefu. Utanisaidia?"

Kinyozi akakohoa kikohozi kisicho na kifua. Bibi Chaki hakumtazama.

"Nitakosaje, mwanangu? Nenda nyuma ya pazia ukaivae."

Akapiga magoti, akapima, akatia pini zake zenye vichwa vyekundu kuzunguka miguu yote miwili. Kisha akainuka polepole, mkono kiunoni.

"Sasa tembea, baba. Ushuke vidato vitatu, upande, urudi hapa."

"Vidato viko wapi?"

"Nje ya mlango huu."

Meneja akautazama mlango, akamtazama Komeo. Komeo akatazama dari.

"Hapana, amri ni amri, hata kwangu," meneja akasema kwa kujivuna kidogo. "Nitazunguka. Si mbali."

Akaenda. Akapita njia nzima ya vioo, akatoka mlango mkuu, mahali ambapo hapakuwa na mtu ila upepo na karatasi moja ikijizungusha. Akafuata ukuta. Upande ule haukuwa na njia: palikuwa na mtaro wa kuruka, kokoto, na michongoma iliyoipenda suruali. Lori likapita likamtia vumbi. Ilimchukua robo saa, akitembea kama kuku aliyefungwa kamba, kwa kuogopa pini.

Alipofika nyuma akakuta umati. Kina mama wenye vikapu, wanaume wawili wenye redio mbovu, bibi harusi mtarajiwa na shangazi zake watatu, wote mbele ya tangazo.

"Kaka, na wewe umefungiwa?" shangazi mmoja akamuuliza. "Usijisumbue. Sisi tunakwenda maduka ya mtaa wa pili."

"Lakini mlango mkuu uko wazi, mama."

"Uko wapi huo? Barabarani? Nipite kwenye malori na miguu hii? Huyo meneja, sijui alilelewa na nani!"

"Jamani, mama yake hana kosa," mwingine akasema. "Mtoto hukosea mwenyewe."

Meneja akapanda vidato, akagonga.

"Mlango umefungwa kwa amri ya meneja!" Komeo akanguruma kutoka ndani. "Zungukeni mbele!"

"Komeo, ni mimi! Meneja!"

"Leo kila mtu ni meneja! Mmoja asubuhi kajiita baba yake!"

Bibi Chaki akaacha cherehani. Akainama mpaka shavu likakaribia sakafu, akachungulia upenyo chini ya mlango. Akaona viatu vyenye vumbi, na juu yake maduara mawili ya vichwa vyekundu.

"Mfungulie, Komeo," akasema. "Pini zangu nazijua."

Chuma kikalia. Meneja akaingia, na nyuma yake, kabla hajageuka, wakaingia vikapu, redio, bibi harusi na shangazi wote watatu. Yule shangazi msemaji alipomsikia Komeo akisema "karibu bosi", akajifunika uso kwa khanga akacheka mpaka wenzake wakamshika asianguke.

Meneja alisimama palepale, akiwahesabu kwa macho. Jasho lilikuwa limeshinda marashi.

"Bibi," akasema mwishowe, "ulijua."

"Mimi ni fundi nguo tu, baba. Geuka nione. Haya, mguu wa kushoto umeshuka. Ungeshonewa umesimama, Ijumaa ungeiburuza."

Ijumaa wenye jumba walipokuja, meneja aliwapokea nyuma, suruali imemkaa sawasawa, akawaonyesha watu wakiingia kwa wingi. Tangazo lilibanduliwa. Baada ya miezi miwili vidato vilipakwa rangi, taa zikatundikwa, na jina la jumba likahamishiwa upande ule. Malori sasa yanashusha makreti kwenye mlango wa vioo, barabarani.

"Shemeji," kinyozi akasema siku walipotundika jina, "miaka yote hii unakaa nyuma, leo umekuwa mtu wa mbele."

Bibi Chaki akauma uzi, akaukata.

"Na kiti changu sijakisogeza hata shibiri," akasema. "Anayefuata! Tembea tuone."