Alama za Chaki

Wifi yangu ni muuguzi, na wauguzi wanapenda orodha. Miezi mitano baada ya kumzika mume wangu, ambaye ni kaka yake, aliniandikia ukutani juu ya cherehani: fungua dirisha, oga kabla ya saa mbili, tembea mpaka kona, salimia mtu mmoja. Kila nikitimiza jambo, niweke alama kwa chaki.

"Mwezi ukiisha uko hivihivi, wifi, nafunga hiki kiduka na unakuja kukaa kwangu."

Kiduka, ninamoshona na kulala, ndicho kitu pekee nilichobaki nacho. Basi nikaweka alama, zote nne, kila asubuhi kabla hata sijavaa viatu. Dirisha halikufunguliwa. Sikuwa na huzuni wala kilio. Nilikuwa sina kitu tu, nakula kwa sababu sahani ipo mbele yangu.

Siku moja kabla mwezi haujaisha, mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua gauni lake jeusi. Alilijaribu nyuma ya pazia, akakawia. Alipotoka, bega moja limevimba na kitambaa kimejikunja kwapani. Nilikuwa nimemkatia mikono yote miwili ya kushoto. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, halafu kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza.

"Fundi, kama ni mtindo mpya niambie nizoee," alisema.

Kufumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi kunataka mwanga, na taa yangu ilikuwa inazimika na kuwaka. Komeo la dirisha lilikuwa limeshika kutu. Nikaligonga kwa mkasi mpaka likaachia. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa.

"Kumbe upo, jirani."

"Nipo."

Sikujisikia vizuri. Niliuona uzi, basi.

Jioni wifi alikuja na sare yake ya kazi, akautazama ukuta, akatabasamu. Nikachukua kitambaa nikafuta alama za mwezi mzima, nikaandika mbili: ya dirisha na ya salamu.

"Zile zilikuwa uongo. Za kweli ni hizi, za leo."

Nikangoja adai ufunguo wa kiduka. Hakudai. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Mganga hajigangi, na mimi sikuwahi kumwuliza.

"Kwako je, wifi? Dirisha?"

Aliangalia viganja vyake. "Sijalifungua tangu tumzike."

Nikavunja chaki, nikampa nusu.