Hoteli Iliyo Ng'ambo ya Dirisha la Norma

...ngazi chache tu, anasema yule bwana wa mapokezi, na sauti yake inatoka kwenye simu ya Ornella iliyolazwa mezani kati ya mkate na chupa ya maziwa, ngazi chache tu pale mlangoni, bibi, ni kwa sababu ya maji, si unayajua maji ya Venezia, nayajua, mwanangu, nimezaliwa humo, nimefagia matope yake sebuleni kabla wewe hujazaliwa, lakini haniambii mimi, anamwambia Ornella, binti yangu, maana siku hizi mwenye miguu ndiye anayeulizwa habari za asiye na miguu, "na kutoka kituo cha boti mpaka kwenu," anauliza Ornella, "kuna daraja?" na yule bwana anaitembea njia ile kichwani, akiangalia chini kwa mara ya kwanza, simlaumu, mwenye miguu hayaoni madaraja, hata mimi sikuwa nayaona, nilikuwa napanda na kushuka na samaki kapuni huku nimegeuza shingo nagombana na mtu, ungeniuliza toka kwetu mpaka kanisani kuna madaraja mangapi ningekucheka, "lipo moja," anasema, "dogo, zuri sana, wageni hulipiga picha," na Fausto, mkwe wangu, aliyesimama kwenye sinki anaosha vikombe, anasema bila kugeuka, "Basi Mama atalipiga picha, halafu arudi Mestre, huko bara, kulala," na si mtu mbaya, Fausto, ndiye anayenitoa garini na kunikalisha kwenye kiti changu cha magurudumu kila Ijumaa tukienda kwa daktari, utani wake uko kama mikono yake, mzito lakini hauangushi mtu, ila leo natamani angenyamaza, leo natamani wote wangenyamaza, na simu nayo...

Sikuomba meli, hilo niseme, walipokuja na tiketi siku nilipotimiza miaka sabini, wamezifunga kwa utepe, nilisema asanteni, wanangu, nikalia, wakadhani ni furaha, meli inaondoka Venezia asubuhi ya majira ya kuchipua, inashuka pwani ya Dalmatia mpaka Ugiriki, ina chumba chenye mlango mpana na vyuma vya kushikia bafuni, kila kitu wamekifikiria, kimebaki kitu kimoja tu, huo usiku wa kabla ya meli, maana kutoka hapa Torino hatuwezi kufika asubuhi ileile, lazima tulale kule, usiku mmoja tu, wanasema, utadhani usiku mmoja hauna ngazi, na Ornella ana wiki ya tatu sasa anatafuta, anafungua picha, anapiga simu, anauliza mlango una upana gani, kitanda kina kimo gani, na watu wanamjibu kwa furaha kwamba hoteli yao ina dari ya karne ya kumi na sita. Ile ya Mestre ni nzuri, sikatai, iko upande wa bara, ina lifti ya kuingia piano, bafu jeupe lenye kiti ukutani, teksi inakuchukua mlangoni na kukushusha melini, ina kila kitu isipokuwa Venezia, na kila mwenye akili na mwenye nyonga mbovu hulala Mestre, mimi mwenyewe nimewashauri watu hivyo, lakini siku ile Ornella aliponiuliza, je, kuna mahali unapopenda, Mama, nililitaja jina la hoteli hii, ile ndogo ya mtaa wa Cannaregio, nikalitaja kama mtu aliyelikumbuka kwa bahati tu, na huku moyo unanipiga kama wa mwizi, kwa sababu zamani nyumba ile ilikuwa ya fundi magodoro, na madirisha yake yanatazama mfereji, na ng'ambo ya mfereji, ghorofa ya nne, ndipo kwetu, nilipozaliwa, na ndipo anapokaa Norma, dada yangu, mpaka leo.

"Samahani, bibi," anasema yule bwana, "mama yako ana uzito gani? Si mimi, wapagazi wataniuliza," na Ornella anaifunika simu kwa kiganja haraka, kama mtu anayemziba mtoto sikio, lakini nimeshasikia, "Mama," ananiita taratibu, na mimi naitazama chupa ya maziwa, ina picha ya ng'ombe anacheka, sijui anacheka nini, "Mama, wanataka kujua tu, ili wakuinue vizuri," na Fausto anasema, "Mwambie ni mwepesi kuliko maneno yake," na Ornella anamwambia, "Fausto, kaushe vikombe," halafu anaondoa kiganja na kutaja uzito ambao sijawa nao tangu niolewe, anadanganya kwa mapenzi, maskini, na wale vijana watagundua darajani, wakiwa wameshanipandisha nusu, na yule bwana anasema, "Naomba usubiri kidogo, niwaulize," na vinanda vinaanza, vinanda vile vya simu vinavyokwenda na kurudi hapo hapo, na Ornella anajikanda paji la uso kwa vidole viwili kama baba yake alivyokuwa akifanya. Amechoka, namwona, mwaka jana aliteleza akinitoa bafuni, tukaanguka wote wawili, yeye chini mimi juu, tukacheka, halafu tukaacha kucheka kwa sababu hakuna aliyeweza kunyanyuka, tukalala pale kwenye vigae kama samaki wawili mpaka Fausto alipokuja, tangu siku ile akiinama hushika kiuno, anadhani simwoni. "Mama, nisikilize," anasema, "sisemi hapana, nasema tu, tukilala Mestre hakuna wa kutuuliza lolote, unaingia, unalala, asubuhi tunakwenda, na Venezia utaiona ukiwa juu ya meli, inapita polepole, utaiona yote," ndiyo, mwanangu, nitaiona yote, nitaona mnara na makuba na watu wakinipungia mkono wasionijua, ila mfereji wetu ni mwembamba, meli haipiti, dirisha la Norma halionekani kutoka baharini...

Na kusema siwezi, nikisema ni kwa ajili ya Norma watampigia simu, watapanga, Ornella ana mikono ya kupanga, na Norma atakataa, namjua, miaka sabini namjua, alianguka jikoni majira ya baridi yaliyopita, mfupa wa nyonga ukaunga lakini ngazi zikamshinda, nyumba haina lifti na haitakuwa nayo, tangu hapo hajashuka, mama mmoja wa parokia anamletea vitu, yeye anateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, anakivuta juu na mkate na maziwa na dawa zake, mtu mwenye miaka sabini na minne anavuta kamba, mimi siwezi kupanda, yeye hawezi kushuka, Mungu akitaka kucheka hucheka hivyo, na kila asubuhi tunapigiana simu kahawa ikiwa jikoni, ananiambia, "Nitashuka mara moja tu, Nives, na siku hiyo nitashushwa na wanaume sita, mimi ambaye hata mmoja sikumpata," na mimi nacheka, na nikikata simu nakaa na kikombe mkononi mpaka kahawa inapoa. Juzi nilijaribu, nikamwuliza kwa mbali, dada, tuseme nimekuja Venezia, tuseme nimekaa pale mbele kwa fundi magodoro, ungekuja dirishani, akasema, "Nije kufanya nini? Unitazame kama nyani wa maonyesho? Picha yangu ya komunyo unayo, itazame hiyo," halafu akaanza habari za paka wa jirani, na sikumuuliza tena, nilimsikiliza paka mpaka mwisho, ana figo mbovu huyo paka. Kwa hiyo nawasumbua hawa kwa ajili ya nini, Ornella anabembeleza watu kwenye simu, wapagazi wasionijua wanaulizwa habari za mgongo wao, ili vikongwe wawili wakatazamane dirishani na maji katikati, mmoja hataki kuonekana na mwingine hataona vizuri, nina mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto, nitaona pazia, nitaona labda kitu cheupe, nitasema ni kichwa chake kumbe ni mto umeanikwa, sema Mestre, Nives, neno lenyewe jepesi, lipo hapa mdomoni, Mestre, wote watapumua, Ornella atakata simu, Fausto atasema kitu cha kuchekesha, tutakula...

...lakini nimeshawahi kubebwa juu ya daraja lile, hilo yule bwana halijui, siku tuliyomzika Ottavio, mume wangu, aliyetaka alale na watu wake San Michele, kisiwa cha makaburi, na si kwingine, boti ya mazishi ilikuwa inangoja upande wa pili, na jeneza likavuka kwanza, halafu wanaume wa mazishi wakarudi, wamevua glovu nyeupe, wakanishika mmoja kila pembe ya kiti, "Tayari, mama?" akaniuliza mkubwa wao, na sikujibu, wakaninyanyua, na watu waliosimama darajani wakajibana ukutani kunipisha, mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba, nafikiri hakujua yupi kati yetu ndiye maiti, na kule juu kabisa, daraja linapoinama, kijana mmoja akakosa hatua, kiti kikaenda upande, nikaona maji ya kijani chini yangu na jani la kabeji linaelea, na nikaapa pale pale, sitabebwa tena, nife nikiwa nimekaa, nikaapa kwa Ottavio mwenyewe aliyekuwa mbele yangu kwenye boti, na hakuna aliyethubutu kunitazama, wote, Ornella, padre, binamu, wote macho chini, wananiheshimu, kumbe heshima yao ilikuwa inanizika, isipokuwa Norma, aliyekuwa bado na miguu siku hizo, Norma alikuwa amesimama pale daraja linapoishia na mkoba wake mweusi, akanitazama usoni nikija angani kama kabati la wachukuzi, na akacheka, kwenye mazishi, akacheka kwa sauti, akasema, "Leo tumebeba wawili, na yule aliyekufa ndiye aliyetulia," na mimi nikamwambia funga mdomo, mjinga wewe, na sauti yangu ikatoka, sauti yangu mwenyewe, siku nzima sikuwa nayo. Sikuwahi kulifikiria hivi. Nilikuwa nawaza kuangalia kwangu tu, mimi ndiye nitatazama juu, mimi nitalitafuta dirisha, sikuwaza kwamba daraja lenyewe liko chini ya dirisha lake, kwamba nikibebwa nitabebwa mbele ya macho yake, na hilo badala ya kunitisha, sijui, kifua kimenilegea, acha aone, acha acheke, nani mwingine amebaki duniani wa kunicheka...

"Ornella," nasema, na sauti inatoka kavu, "Norma anakaa ng'ambo ya hoteli hiyo," na vinanda bado vinakwenda na kurudi, na Ornella hainui kichwa mara moja, anaokota chembe ya mkate mezani kwa ncha ya kidole, anasema, "Najua, Mama," najua nini, namwuliza, na sasa ananitazama, macho mekundu, "Namba ya hoteli unadhani nimeitoa wapi? Mama mkubwa alinipigia mwenyewe, kabla hata wewe hujaitaja. Alinisomea kibao cha mlangoni, kwa darubini ya babu. Akasema, mlete mama yako hapa mbele, lakini usimwambie nimeomba, akijua atajifanya anaumwa," na Fausto amefunga bomba, kitambaa kiko mkononi, "na siku ile ulipoitaja wewe," anasema Ornella, "nilikwenda bafuni nikawasha maji ili usinisikie," na mimi nakaa, na sijui mikono yangu niiweke wapi, kwa darubini, yule mshenzi, wiki zote hizi anakaa nyuma ya pazia anasoma vibao, anapima mlango, anahesabu nani anaingia na nani anatoka, na kwangu anaongea habari za paka, na mimi kwake naongea habari za hali ya hewa ya Torino, wawili tunafichana kitu kile kile.

"Kwa hiyo tufanyeje, wakisema hawawezi?" anauliza Fausto polepole, na Ornella anasema, "Sijui," anasema hivyo hivyo, sijui, yeye anayejua kila mara, na hakuna anayetaja Mestre, neno limetoka mezani na limeacha shimo, kwa sababu dakika chache zilizopita nilikuwa na pa kukimbilia na sasa sina, nilikuwa na lifti ya kuingia piano na bafu jeupe na miguu yangu ya kusingizia, sasa kimebaki kichochoro kimoja Cannaregio ambako bwana fulani amekwenda kuwauliza wapagazi wawili kama migongo yao inaweza, na mmoja labda ana mke aliyemkataza kunyanyua vitu vizito, na mwingine labda anauliza, kilo ngapi, na anatikisa kichwa, na sina la kufanya, siwezi kuwapigia magoti, magoti sina, siwezi kupanda, siwezi kushuka, siwezi hata kuisogeza ile simu karibu, iko upande wa Ornella, na Norma labda yuko dirishani sasa hivi anawaona pale mlangoni wakijadiliana asijue ni mimi wanayenijadili, au anajua, na vinanda vinakwenda na kurudi, na Ornella ameuweka mkono wake juu ya wangu, wa baridi, na mimi niliyeapa mbele ya maiti kwamba sitabebwa tena naitazama simu hiyo na kuomba, Bwana, wakubali kunibeba.